Kitanda cha Kubeba Kwapani

Afande Stoo alikuwa mtu wa kelele katika kila jambo isipokuwa moja. Akikuta ndoo imeachwa njiani, alipiga kelele. Akikuta kufuli limening'inia bila kufungwa, alipiga kelele mpaka kuku wa majirani wakatawanyika. Kengele ya kanisa ikichelewa Jumapili, alitoka nje akaifokea kengele yenyewe, mchungaji akiwa amesimama palepale. Lakini kuna jambo moja alilijua kunihusu, akalinyamazia. Kwa sababu ya kunyamaza kwake nililala siku tatu mlimani pamoja na wasichana wenzangu kumi na mmoja, na nikarudi nyumbani na heshima yangu.

Jambo lenyewe nitalisema hapahapa, maana sipendi kumzungusha msomaji. Nilikuwa nakojoa kitandani. Sisemi utotoni tu. Nilikojoa mpaka kidato cha tatu, msichana mzima mwenye kifua na sauti ya kuimba kwaya, halafu siku moja ikakoma yenyewe bila dawa wala maombi. Leo nina cherehani zangu tatu hapa Jinja, nashona sare za shule, na ni mara ya kwanza naandika sentensi hii.

Kilichonifanya nimkumbuke ni karatasi. Mwezi uliopita binti yangu Nandudu, mwenye miaka kumi na minne, aliileta kutoka shuleni. Ilitangaza safari ya Mlima Elgon, siku nne, kulala kwenye mahema watatu watatu, na kila mwanafunzi aje na mfuko wa kulalia mdogo, mwepesi, wa kustahimili baridi. Mzazi atie sahihi, karatasi irudi Ijumaa ya wiki inayofuata. Nandudu aliiweka mezani, akaiwekea sahani juu, akasema haendi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema milima haimpendezi. Mtoto huyuhuyu amebandika picha za milima ukutani tangu shule ya msingi, na anaweza kukutajia vilele vya Elgon kama anavyotaja binamu zake! Sikubishana naye. Mimi ndiye ninayefua shuka zake. Nafua, naanika, yeye anapita pembeni akiangalia kwingine, na humu ndani hakuna aliyewahi kulisemea neno. Nilidhani hivyo ndivyo mtu anavyomsitiri mtoto, kwa kuwa ndivyo nilivyositiriwa mimi.

Sasa nimweleze huyo aliyenisitiri.

Baba yangu alikuwa askari jela, na tulikaa kota za askari, Jinja. Mama alikuwa wa ng'ambo ya mpaka, Busia ya upande wa Kenya, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili cha kueleweka wakati kota nzima ikisema kile cha amri na saluti. Afande Stoo ndiye aliyeshika funguo za stoo ya vifaa, na kwetu sisi watoto kifaa kilikuwa kimoja tu, blanketi. Nadhani mle ndani mlikuwa na ndoo pia, na majembe, na sabuni, lakini ukisema stoo ulikuwa umesema mablanketi, ya kijivu, yamepangwa hadi darini, yakinuka dawa ya kufukuzia nondo. Mtu mwenyewe alikuwa mfupi, mpana, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi hadi mkunjo unaweza kukukata. Hakuwa mtu wa Busoga wala wa Bugisu, mkewe ndiye aliyekuwa wa Mbale, chini ya mlima Wanale, na kabila lake mwenyewe sikuwahi kuuliza. Kwetu alikuwa wa kabila la stoo.

Pua yake ilikuwa mashuhuri. Askari akirudisha blanketi, Afande Stoo hakulikagua kwa macho kwanza. Alilishika kwa mikono miwili, akazamisha uso, akavuta pumzi, halafu hukumu ikatoka. Namkumbuka akimfuata sajini mmoja mnene hadi katikati ya uwanja.

"Hii blanketi imeanika kahawa! Wewe afande, serikali nakupa blanketi ya kulala, wewe nafanya shamba!"

"Afande, ni kahawa kidogo tu ya mama."

"Kahawa kidogo nanuka mingi!"

Kota nzima ilicheka wiki mbili. Mtu angedhani basi huyu mzee hawezi kuweka siri hata ya mchuzi. Lakini kulikuwa na askari mwingine, jirani yetu wa mlango wa tatu, ambaye kila mwisho wa mwezi alikuwa na safari ya kazi Buwenge. Blanketi lake lilirudi siku moja likinuka moshi wa viwanda vya sukari guru vya kule, na marashi. Afande Stoo alilinusa, akalikunja, akalianika peke yake nyuma ya stoo, akamrudishia mwenyewe Jumatatu bila kusema kitu. Mke wa yule askari, ambaye hakuwa mjinga, alimwendea akamwuliza blanketi la mume wake lilikuwa linanuka nini. Yeye mwenyewe ndiye aliyemsimulia mama yangu jibu alilopewa.

"Mama, mimi nalinda blanketi. Mimi hapana linda watu."

Mama alisema huyo ni mwoga. Baba alisema ndiye mtu mwenye akili kuliko wote pale kota. Mimi nilikuwa upande wa mama, mpaka zamu yangu ilipofika.

Zamu yangu ilikuja Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi kota zote zilitoa malazi nje, magodoro, mikeka, shuka, mito, vyote kwenye uzio wa mbele, na Afande Stoo akapita na fimbo yake akigonga magodoro kutoa vumbi na akitafuta kunguni. Hiyo ndiyo desturi, na hakuna mwanamke aliyethubutu kuikwepa. Mama alikuwa ameshatunga ujanja. Godoro langu lilianikwa nyuma ya jiko, ati uzio wetu ni mfupi. Ujanja ulidumu miezi. Halafu Jumamosi moja, nikiwa na miaka kumi na mitatu, nilikuwa nafagia huko nyuma nikamwona anakuja moja kwa moja na fimbo yake. Godoro lilikuwa limegeuzwa upande mbaya. Lilikuwa na pete za njano, pete juu ya pete, za zamani na ya jana yake.

Alisimama. Akaliangalia. Akaniangalia mimi. Nilikuwa nangojea ile sauti, na nilishaanza kuhesabu nyumba ambazo zingeisikia.

"Hii godoro ikae hapa," akasema polepole. "Hapa iko jua mzuri."

Kisha akazunguka mbele ya nyumba na nikamsikia akilipuka juu ya jogoo wa jirani aliyekaa kwenye mto. Tangu siku hiyo hakuuliza tena kwa nini uzio wetu una magodoro mawili badala ya matatu.

Simfanyi kuwa malaika. Alikuwa mbishi, na alikuwa mchoyo wa ajabu. Kamba ya katani ya mita moja alikuandikisha kama vile unachukua gari. Watoto tukipita na mpira karibu na stoo aliuchukua na kuufungia, na kuna mipira ambayo hadi leo sijui ilikwenda wapi. Na jambo la kuchekesha ni kwamba mtu huyu mwenye mablanketi hadi darini, kwake alilala na shuka moja nyembamba. Mkewe alilalamika kwa mama waziwazi: msimu wa mvua yeye anatetemeka, mume anamwambia ya serikali ni ya serikali. Mwisho mama yule alikwenda sokoni akajinunulia blanketi lake mwenyewe, jekundu kabisa, ili mtu yeyote asije akasema limetoka stoo.

Na Afande Stoo hakuvumilia uongo. Aliwahi kumshtaki askari kwa mkubwa wa jela kwa sababu alidai kikombe kimeibwa kumbe kimevunjika. Kikombe! Nalitaja hili makusudi, kwa sababu ya yanayofuata.

Nilipokuwa kidato cha pili shule yetu ilianzisha chama cha kupanda milima. Tulikuwa wasichana kumi na wawili, nusu yetu watoto wa kota, na mwalimu wetu alikuwa kijana mwenye ari kubwa na bajeti ndogo. Alikuwa amekata picha ya mifuko ya kulalia kwenye gazeti la wazungu, akaenda kuulizia bei, akarudi kimya. Mtu akamwambia, muulize Afande Stoo, hakuna anayejua kulala kwa bei rahisi kama yeye. Afande Stoo aliitazama ile picha kwa dakika nzima, akaigeuza, akatazama hata nyuma.

"Mwalimu, hii ni nguo ya mtu mgonjwa. Mimi nafanyia watoto kitanda."

Kila kitu cha kulalia, kwake, kilikuwa kitanda, hata kama ni kipande cha boksi. Na kitanda cha safari kilikuwa na masharti yake. Kiingie kwapani, maana mikono yote miwili ni ya kupandia. Kianzie chini, kwa sababu watu wengi wanajifunika kama keki juu wakati baridi inawaingia kutoka kwenye udongo. Na kikilowa asubuhi kiwe kikavu kabla ya chakula cha mchana, mgongoni mwa mtu anayetembea. Hilo la mwisho alilitilia mkazo sana. Mwalimu alimwambia kwamba mahema hayavuji. Akajibiwa kuwa hema lisilovuja bado halijashonwa.

Tulikwenda naye sokoni kwenye marundo ya mivumba, yaani nguo kuukuu zinazoletwa na meli, sisi kumi na wawili nyuma yake kama bata. Wauzaji walimpenda na kumwogopa. Alivuta blanketi kutoka chini kabisa ya rundo, akalinusa, akalifinya kati ya vidole viwili, akalitia mate pembeni aone linanyonyaje. Mazito yote aliyatupa. Sisi tulitaka yale mazito, yenye manyoya, yenye picha ya simba, na mmoja wetu alikuwa tayari amelikumbatia moja kama mpenzi wake.

"Acha hiyo. Hiyo nakunywa maji kama ng'ombe. Mlimani utabeba simba na maji yake."

Alichagua mepesi ya sufu, yaliyochakaa kiasi, mawili madogo kwa kila msichana, ya kushonwa pamoja pande mbili yawe mfuko. Chini yake alitaka kipande cha turubai. Halafu akataka vitu viwili ambavyo havikuwa kwenye orodha ya mwalimu. Kwanza, shuka ya ndani, ya kitambaa cheusi chepesi, iliyoshonwa kama gunia, ya kuingia mtu mzima. Pili, karatasi ya kavera, plastiki ile inayotiwa ndani ya magunia ya mbolea, ioshwe na ikae kati ya shuka na blanketi. Mwalimu alipouliza kavera ya nini, akaambiwa ni ya kuzuia umande. Tukauliza umande unapitaje turubai na blanketi, tukafukuzwa.

Mimi nilikuwa nauliza kwa kelele kama wengine, lakini nilijua siendi. Mama alishasema. Hakunigombeza, aliniambia tu jikoni huku akipeta mchele: "Utakwenda siku nyingine, mwanangu. Ukishapona." Nikamwambia sawa. Nilikwenda nyuma ya jiko nikaupiga ukuta teke mpaka kidole kikatoka damu.

Siku mbili baadaye Afande Stoo alisimama mlangoni kwetu, kofia mkononi, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

"Mama, ile shuka ya ndani iko kumi na mbili. Mimi nataka huyu mutoto yako ashone yote. Yeye ni fundi ya safari. Fundi hapana baki nyumbani."

"Afande, huyu ana matatizo kidogo ya..." Mama akakwama hapo.

"Mimi najua stoo yangu," akasema Afande Stoo. Akavaa kofia na kuondoka.

Mama alibaki ameshika mlango. Baadaye sana, nilipokuwa nimeolewa, aliniambia kwamba aliingia chumbani akalia, na hakujua kama ni kwa aibu au kwa kushukuru. Nilizishona shuka zote kumi na mbili kwenye cherehani ya mke wa sajini mnene. Zilikuwa za jora moja, rangi moja, mshono mmoja. Nikimaliza moja naitupa kwenye rundo, na kufika ya saba sikujua tena ipi ingekuwa yangu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kushona, na hivyo ndivyo ninavyokula mpaka leo.

Siku ya kuondoka, lori likiwa limeshawasha injini, Afande Stoo alitupanga mstari mbele ya stoo. Akatuhutubia kuhusu chawa. Alisema mlima ule una chawa wabaya, wadogo kuliko hawa wa kwetu, wanakaa kwenye majani, wanaingia kwenye shuka mtu akilala, na dawa yake ni moja. Kila asubuhi, kabla ya chai, wote kumi na wawili watoe shuka ya ndani, waifue mtoni, waikamue, waifunge juu ya mzigo ikauke wakitembea. Asiyefua atarudi na chawa hadi kwenye nyusi.

"Mwalimu, hii ni amri. Wewe naangalia. Wote kumi na mbili. Moja asipofua, wote naambukizwa."

Mwalimu alikuwa mtu wa Kampala, hakujua mlima wala chawa wake. Akaandika kwenye daftari.

Kavera zilituchekesha. Usiku wa kwanza mtu akijigeuza zilipiga kelele, chakachaka, na mwenzake naye chakachaka, mpaka hema zima likawa linacheka. Nililala nikiwa na furaha, jambo ambalo ni hatari. Niliamka alfajiri na nikajua kabla hata sijafumbua macho. Blanketi lilikuwa kavu. Ile plastiki ilikuwa imezuia. Shuka ilikuwa imelowa chapachapa, na wasichana wawili walikuwa wanapumua kushoto na kulia kwangu. Nilibaki nimekodolea macho turubai la hema nikifikiria jinsi ya kufa.

Ndipo mwalimu akapiga makofi nje. "Chawa! Chawa! Kila mtu mtoni!"

Tulitoka tukikimbia kwenye nyasi zenye barafu, kila mmoja na gunia lake jeusi limekunjwa kifuani. Maji yalikuwa baridi hata yakauma kwenye mifupa. Wasichana walipiga mayowe, walirushiana, walimlaani Afande Stoo pamoja na ukoo wake. Mimi nilipiga magoti katikati yao nikazamisha shuka yangu, ikawa imelowa kama zao. Hakuna aliyenitazama. Nililia kidogo, na aliyekuwa karibu nami akaniambia nivumilie, baridi itaisha jua likitoka. Siku ya tatu ilinipata tena, na siku ya tatu pia tulifua wote. Nimewahi kufurahi maishani, nimeolewa, nimezaa, lakini sijui kama nimewahi kuwa na wepesi kama ule wa kuteremka mlima na gunia jeusi linapepea mgongoni, moja kati ya kumi na mawili.

Niliamini habari za chawa kwa miaka. Niliwaonya watu! Ni baada ya kuwa na mtoto, nikiwa Mbale kununua vitambaa, nilipokaa hotelini karibu na kijana mmoja anayeongoza watalii mlimani, nikamwuliza siku hizi chawa wanadhibitiwaje. Alicheka hadi akaweka chai chini. "Mama, chawa gani? Baridi ile inaua hata mbu." Nilibaki na chapati mkononi. Yule mzee aliyemshtaki mtu kwa kikombe alikuwa amesimama mbele ya lori, mbele ya mwalimu na wasichana kumi na wawili, akadanganya na uso umekauka.

Nilipaswa kwenda kumshukuru siku hiyohiyo. Alikuwa amestaafu na kuhamia Mbale, upande wa mkewe, na nilisikia anauza malazi ya mivumba kwa wanafunzi. Sikwenda. Kumshukuru ni kulitaja, na kulitaja nilikuwa siwezi.

Baada ya karatasi ya Nandudu, nilijaribu kwanza hapa Jinja. Kwenye duka linalowauzia watalii wa Mto Nile kuna mifuko mizuri kweli, inayokunjwa ikawa kama nanasi, lakini kwa bei ile ningeshona sare za darasa zima bure. Mingine ya bei rahisi niliishika kama fundi, nikajua ni koti la mvua lililojifanya kitanda. Nilileta mmoja mnono wa mivumba nyumbani. Nandudu aliutazama tu, na nilijua anachofikiria. Kitu kile kikilowa hakitakauka mpaka Krismasi. Siku mbili kabla ya Ijumaa yenyewe nikamwambia, twende Mbale, kuna mzee namjua. Akasema haendi mlimani, lakini Mbale atakwenda, kwa sababu ya chipsi.

Boda boda ilituteremsha mtaa wa Nkoma, kwenye nyumba ndogo yenye veranda ya simenti. Afande Stoo alikuwa amekaa kwenye kiti kati ya mafurushi yake, amekonda, macho yamefunikwa na utando mweupe. Kaptula bado ilikuwa na mkunjo.

"Mulembe, Afande," nikamsalimu kwa lugha ya kwao mkewe.

"Mulembe. Nani huyu?"

Nikamtajia jina la baba, kota za Jinja, safari ya mlimani, shuka kumi na mbili.

"Kota iko na watoto mingi," akasema. "Wewe nataka nini?"

Sijui mpaka leo kama kweli alinisahau. Nilikuja na hotuba ya miaka yote hiyo, ikanikauka mdomoni. Nikamwambia nataka kitanda cha binti yangu, aende Elgon, kiwe kidogo na nafuu. Akamwita Nandudu, akampapasa bega na kupima urefu wake kwa kiganja. Halafu mikono ikaingia kwenye mafurushi peke yake. Akafinya mfuko mmoja, akautupa. Akanusa wa pili, akautupa mbali zaidi. Wa tatu ulikuwa mwembamba, wa kitambaa kinachoteleza, na aliukunja na kuukunja mpaka ukawa kama mkate wa nusu kilo.

Akaushika mapajani. Akageuza uso upande wa Nandudu.

"Sasa wewe sema mwenyewe. Usiku nalala aje?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Ndani ya taksi nilishapanga kwamba nitamtuma Nandudu dukani akanunue soda, halafu nitamnong'oneza mzee, naye atajua la kufanya, na mtoto hatajua kuwa najua. Noti ya soda nilikuwa nayo mkononi, imekunjwa. Lakini Nandudu alikuwa ameinamisha kichwa anachezea mkanda wa kiatu, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Midomo ilikuwa inatafuta uongo na haiupati. Miaka kumi na minne, na mama yake amesimama hatua mbili kutoka kwake akiangalia.

"Analala kama mimi nilivyokuwa nikilala," nikasema. "Anakojoa, Afande. Na mimi nilikojoa mpaka kidato cha tatu."

Mikono ya mzee haikusimama. "Basi ni hii," akasema. "Hii nakauka mbio." Akaanza kutafuta kamba ya kuufungia, kana kwamba nimemtajia namba ya kiatu.

Nandudu alikuwa ameinua kichwa.

"Mama. Wewe?"

"Mimi."

"Na ulikuwa unajua mimi... siku zote?"

"Nani anafua, Nandudu?"

"Mimi nilidhani ni mimi peke yangu!" Sauti yake ilipasuka, mpita njia akageuka. "Nilidhani nina ugonjwa. Nilidhani kwenye ukoo mzima ni mimi tu. Na wewe unafua tu, unaanika tu, hata neno!"

Akaenda mwisho wa veranda, akanipa mgongo. Nilibaki na noti yangu ya soda. Nilikuwa nimejivunia ule ukimya kwa miaka, nikidhani nimeurithi kwa Afande Stoo. Lakini yeye aliponinyamazia alikuwa amekwenda sokoni, amekata kavera, amekuja kwa mama na kofia mkononi, amedanganya watu wazima ili nipite. Mimi nilinyamaza, na mtoto wangu nikamwacha palepale alipo. Iliniuma, na nilistahili iniume.

Mzee alikuwa anafunga fundo.

Nandudu alirudi baada ya muda, macho mekundu, hakunitazama. Akauchukua ule mfuko mikononi mwa Afande Stoo, akafungua kamba, akautandaza kwenye simenti. Akavua viatu akaingia ndani mpaka kidevuni. Akalala chali akiangalia mabati.

"Mama."

"Ee."

"Ukiwa na wenzako, asubuhi, ulikuwa unafanyaje wasijue?"

Nikavua viatu na mimi, nikaketi kwenye simenti karibu na kichwa chake, nikaanza kumweleza.